Mtoto Asiyesifiwa

Toamasina, 16 Januari 1978

Mama,

Tumepata mtu. Ni wa kiume. Amekuja Jumatatu iliyopita alfajiri, na mimi ni mzima ila miguu bado inatetemeka nikisimama. Hery alipewa ruhusa ya siku mbili na wakubwa wake wa reli, naye akazimaliza zote amesimama mlangoni, anaingia, anatoka, anaingia tena, kama aliyesahau kitu ndani.

Baba anaendeleaje? Mguu umeanza kukanyaga? Najua kama asingeanguka kutoka juu ya lile paa ungekuwa hapa, ukinipikia uji na kunikaripia. Simlaumu. Lakini mwambie mvua ijayo paa livuje tu.

Mama, mbona hukuniambia? Uliniambia habari za uchungu, uliniambia habari za damu, uliniambia mpaka jinsi ya kukaa. Hukuniambia kwamba atanitazama. Walimweka kifuani kwangu bado ana utelezi, akafungua macho, akanitazama kama mtu aliyenijua zamani na sasa anajaribu kukumbuka jina langu. Nikaogopa. Nilitaka kumsalimia shikamoo. Huyu alikuwa tumboni mwangu tangu mavuno, nikibeba maji naye, nikigombana na Hery naye, na kumbe alikuwa mtu kamili, na kucha!

Nisiseme zaidi. Unajua kwa nini.

Sasa niandikie kila kitu. Nikae vipi, nile nini, nisiguse nini, nimfunike vipi. Hapa jirani yetu ni Soazara, mwanamke wa pwani hii hii, mwema sana, lakini wao hawakai jotoni kama sisi. Siku ya nne baada ya kuzaa wanaonekana sokoni. Sitaki kukosea, Mama, kwa huyu sitaki.

Mwanao,
Vololona


Ambohimena karibu na Antsirabe, 25 Januari 1978

Mwanangu Vololona,

Barua yako imefika na baba yako ameinuka kitandani kwa mguu mmoja kuja kuisikiliza. Tumemshukuru Mungu, tumewashukuru na waliotutangulia. Baba yako anasema habari ya paa hakuipenda.

Sikiliza sasa, na usimsikilize mtu mwingine. Funga dirisha, na ziba nyufa kwa matambara. Upepo ukimwingia mzazi hautoki tena, utakuja kuumwa mifupa ukiwa na umri wangu. Jiko la makaa liwe chini ya kitanda, lisizimike. Wewe vaa sweta, soksi, na shuka zito juu yake. Maji ya baridi usiyaguse hata kwa kidole. Kula uji wa wali na nyama kavu. Mboga za maji na matunda, ziache. Mtoto mvalishe ile kofia ya sufu, soksi, mashati mawili, kisha mviringishe kwenye blanketi la sufu ya kondoo wetu, lile nililokupa ulipoolewa. Asionekane ila pua. Usitoke nje ya mlango mpaka mwezi wa pili uandame. Wewe ulilelewa hivyo, na ndugu zako, na mimi, na mama yangu. Huyo Soazara na aende zake sokoni.

Wageni wakija watakuletea vijisenti vya mchuzi wa uduvi, pokea kwa mikono miwili. Mchuzi huo ndio unaoleta maziwa.

Na mdomo wako uulinde. Nimesikia siku hizi huko mijini watu wanasema waziwazi, eti mtoto wa fulani mzuri, mtoto wa fulani mnene. Wana wazimu. Wasioonekana wakisikia kuna mtoto mzuri humtamani, na wakimtamani huja kumchukua. Wakisikia ni kituko, huenda zao. Kwa hiyo hata kwa barua, maana barua hupita mikono mingi, mtoto ni mbaya. Umenielewa? Ni panya. Ni kinyago. Jina lake la kanisani liacheni kwanza. Hapa mimi na baba yako tumeshaanza kumwita Panya, na tunalitamka kwa raha sana.

Tuandikie basi alivyo mbaya.

Mama yako,
Razafinoro


Toamasina, 4 Februari 1978

Mama,

Nimefanya yote. Dirisha nimelifunga, Hery amelipigilia na misumari. Jiko liko chini ya kitanda. Mtoto haonekani ila pua. Soazara akiingia hutoka mbio akijipepea na upindo wa nguo. Jana alisema, "Ninyi watu wa milimani, mnalea mtoto au mnaoka mkate?" Nikacheka, lakini sikufungua dirisha.

Mama, mtoto ni mbaya. Nimekaa na kalamu nikijiuliza nitakuambiaje, na neno ninalolipata ni hilo hilo ulilonipa. Ana mapaja ya kuku wa kienyeji aliyechinjwa wakati wa njaa. Ngozi ya matako inaning'inia. Usoni ana mikunjo ya mzee anayesubiri pensheni. Nikimwogesha naogopa kumwangalia mgongo, maana pingili zote naziona.

Na hanyonyi. Yaani anaanza, anavuta kidogo, kisha analala na ziwa mdomoni. Namgusa shavu, anafungua kinywa, anasahau alifungulia nini. Halii. Watu wanamsifu, samahani, watu wanasema ni mtulivu. Naweza kukaa naye kutoka asubuhi mpaka jua la mchana bila kusikia sauti yake. Mimi mwenyewe maziwa nahisi yanapungua, yalikuwa yanalowesha nguo, sasa hayaloweshi.

Hery alimchukua kwenda kupimwa, amemfunika kama ulivyosema. Mizani ilionyesha pungufu kuliko siku aliyozaliwa, na ni karibu mwezi sasa. Mkunga akamwambia Hery, mtoto huyu lazima aamshwe anyonye, na mama yake aje na yeye mwenyewe nimwone anavyomnyonyesha. Lakini mwezi wa pili bado, siwezi kutoka. Ningetoka ungeniambia nini?

Mama, sisemi haya kwa desturi. Ni mdogo kweli. Ninapomshika ni kama nimeshika nguo.

Nijibu upesi.

Vololona


Ambohimena, 13 Februari 1978

Mwanangu,

Umetufurahisha sana! Baba yako amecheka mpaka amekamata mguu wake mbovu. Mapaja ya kuku wa wakati wa njaa! Mzee anayesubiri pensheni! Jumapili baada ya ibada nimeisoma barua yako kwa wanawake pale nje ya kanisa, na Rasendra wa ng'ambo ya mto, yule ambaye hajawahi kucheka tangu auze nguruwe wake, ilibidi akae chini. Wakasema, "Razafinoro, mjukuu wako huyo lazima ana uzito wa gunia." Nikainamisha uso, nikasema, "Aa, ni Panya tu, maskini." Nilikuwa naona fahari mpaka masikio yananiwaka.

Nilidhani mji umekuharibu. Kumbe umelelewa.

Na ile ya mizani, mwanangu, umetushinda. Sisi zama zetu hatukuwa na mizani ya kudanganyia. Tulisema hana nyama, basi. Wewe unaleta na mkunga awe shahidi! Na pale mwishoni unapoapa kwamba husemi kwa desturi, nilimwambia baba yako, hapo nimejiona mimi. Mimi pia nilimwapia bibi yako. Bibi yako alifurahi wiki nzima.

Mtoto asiyelia ni baraka, ameshiba huyo. Usingizi ndio unaomkuza. Ila maziwa yasipungue, labda upepo unaingia mahali. Angalia chini ya mlango. Nimempa kondakta wa treni blanketi lingine la sufu, zito kuliko lile la kwanza, mpwa wa mchungaji wetu anamfahamu. Mwongezee.

Mchele wa shamba letu nao uko ndani ya blanketi, gunia dogo. Wa mwaka huu una harufu nzuri.

Mama yako mwenye raha,
Razafinoro


Toamasina, 18 Februari 1978

Mama,

Blanketi limefika. Nimemwongezea.

Nilikuwa nimeanza barua nyingine ya kukueleza tena, nikaichana. Hakuna maneno yaliyobaki, yote mabaya nimeshayatumia na kila moja ulilicheka. Basi nitakuandikia ninachokiona.

Mtoto wangu ni mzuri.

Ni mzuri, Mama, sijawahi kuona kitu kama yeye. Ana nyusi kama zimechorwa na mtu mwenye subira. Masikio yake yana kona ndogo juu, kama ya Baba. Kuna mshipa pembeni mwa paji lake, wa rangi ya bluu, unapiga taratibu, na mimi nakaa nauangalia kwa sababu ndicho kitu pekee kinachocheza usoni mwake. Vidole vyake virefu. Amekishika kidole changu na haachii hata akilala. Akipumua najua, nikikohoa anajua. Jina lake ni Andoniaina. Nimelisema kwa sauti leo, mara nyingi, mlango ukiwa wazi.

Anayetaka kusikia na asikie. Mimi nimechoka kumficha. Sitaki afike huko bila kuambiwa na mama yake hata siku moja kwamba alikuwa mzuri.

Vololona


Ambohimena, 24 Februari 1978

Mama Vololona,

Nakuandikia huko kwa mtoto, sijui kama treni imekufikisha. Nilirudi kutoka kwa fundi wa mifupa nikakuta chungu kiko motoni, wali umekuwa mkaa, mlango wazi, mke hayupo. Nikasema, nimeachwa. Mwanamke amevumilia miaka yote hii, mguu umemshinda. Kisha nikaiona barua mezani.

Unajua mimi si msomaji wa haraka. Nilifika pale aliposema neno lile, nikadhani sijasoma vizuri, nikarudia. Nikainuka nikafunga mlango, kana kwamba ningeweza kulizuia lisitoke. Halafu nikaelewa. Hakuna binti wa nyumba hii anayeandika hivyo kama bado ana tumaini. Mapaja ya kuku yalikuwa mapaja ya kuku. Mizani ilikuwa mizani. Alituambia, tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Rasendra amekuja kuuliza umeenda wapi. Nikamwambia. Akageuka na kapu lake akaondoka. Baadaye alirudi na kuku mzima akasema mpelekee mzazi, nikamwambia nitampelekaje na mguu huu, akasema basi mle wewe, akaenda zake analia.

Sijamla. Chumvi hata sijui unaiweka wapi.

Niandikie. Kama ni habari mbaya, iandike hivyo hivyo ilivyo, usiipambe kwa chochote. Nimesahau kabisa jinsi ya kusoma barua za nyumba hii.

Ralaisoa


Toamasina, 2 Machi 1978

Baba Vololona,

Chumvi iko kwenye kopo la kahawa. Mtoto yu hai.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, na ukimaliza kusoma usinisemeshe habari hii mpaka mimi mwenyewe nianze.

Nilifika mchana wa jua kali. Kule kwetu hakuna jua hilo. Hapa hewa yenyewe ni jasho, mbwa wamelala wametoa ndimi nje, watu wanatembea wamejifungua vifua. Nilishuka treni na shuka langu begani nikalivua. Nikavua na sweta. Bado sikufikiri kitu.

Soazara, yule jirani, ndiye aliyenionyesha nyumba. Nikafungua mlango na joto likanipiga usoni, nikarudi nyuma hatua nzima, nikadhani nyumba inaungua. Dirisha limepigiliwa. Jiko liko chini ya kitanda. Mwanao Vololona amekaa kitandani na sweta na soksi, uso umemwiva, midomo imekauka imepasuka. Na kwenye mapaja yake kuna mzigo wa mablanketi mawili ya kondoo wetu, na katikati yake pua.

Nikasema, "Mungu wangu, nani kakuambia ufanye hivi?"

Akanitazama. Akasema, "Wewe, Mama."

Hakusema kwa ubaya. Alinijibu kama mtu anayejibu swali. Nikaliangalia lile jiko chini ya kitanda. Kule kwetu maji huganda kwenye ndoo mwezi wa Juni. Joto lile tulilowekewa sisi, mama zetu walilitafuta kwa kuni na sufu kwa sababu halikuwepo. Hapa lipo bure mpaka linaua mimea. Mimi nilimwongezea.

Nikamchukua. Ni kweli, Ralaisoa, ni kama kushika nguo. Nikavua blanketi la juu, la chini, shati, shati, soksi, kofia. Mwili ulikuwa unatoka mvuke. Soazara akasema, "Mama wa milimani, nivunje dirisha?" Nikasema vunja. Akalipiga teke. Upepo ukaingia, nami nikafumba macho maana maisha yangu yote nimeuogopa upepo huo. Nikalowesha kitambaa kwa maji, ya baridi, ndiyo, nikampangusa miguu na shingo.

Akafungua macho. Akakunja uso wote. Akalia.

Hujawahi kusikia kilio kama kile. Ni kidogo, hakiwezi hata kumfukuza kuku, lakini kilikuwa na hasira ndani yake, hasira ya mtu mwenye haki. Vololona akashika kinywa, akasema, "Ana sauti!" Mama mzazi, mwezi na zaidi, hakuijua sauti ya mwanawe. Akamweka kifuani, na mtoto akashika. Nikangoja alale. Hakulala. Nikasikia koo lake, kwikwi moja, kimya, kwikwi nyingine. Soazara amesimama na ubao wa dirisha mkononi. Mimi nilizaa watano na kunyonyesha watano, na siku zote nilikuwa na chungu cha kukoroga au nguo ya kufua huku wananyonya. Sijawahi kukaa nikasikiliza. Nilikaa sakafuni. Nilisikiliza mtu akiingia duniani kwa kumeza.

Kesho yake tulikwenda kwa mkunga sote, mwezi wa pili au sio wa pili. Alimkaripia Vololona, nikamwambia akaripie huku, mimi ndiye. Akanikaripia vizuri. Tumwamshe mara kwa mara, asiachwe kulala akapitiliza, na mama anywe maji mpaka achoke. Soazara anapika mchuzi wa uduvi na mnavu, mnavu ule ule niliomkataza. Vololona anakunywa na maji ya ukoko wa wali sufuria nzima.

Leo tumerudi mizanini. Mshale ulitikisika, ukaenda, ukakaa. Mkunga akasema umesogea. Ni kidogo, alisema, tusishangilie bado, tuje tena wiki ijayo. Nilishika ukingo wa meza. Kile kidogo kilichosogea, Ralaisoa, wiki iliyopita hakikuwepo popote duniani.

Kuku wa Rasendra mchinje, ule. Sitarudi kwanza.

Razafinoro


Toamasina, 9 Aprili 1978

Mama,

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Hery anasema hata mbwa wa Soazara wanakutafuta, kwa kuwa hakuna tena wa kuwatukana kwa lahaja ya milimani.

Nimetoka mizanini sasa hivi na nimeona niandike kabla hata sijavua viatu. Mkunga alimweka, akaangalia, akamtoa, akarekebisha mizani, akamweka tena. Akasema, "Huyu sitaki kumwona tena kila wiki, mje mwezi ujao, nina watoto wenye shida." Nilitamani kumbusu. Mama, tumefukuzwa!

Ana mkunjo kwenye paja. Nimeuona leo nikimwogesha, upande wa kushoto, halafu nikatafuta upande wa kulia nao upo. Kwenye kifundo cha mkono ana kama uzi umefungwa, nyama imepanda huku na huku. Nimekaa na beseni maji yakapoa nikikiangalia kifundo kile.

Nataka kukuuliza jambo na usinicheke. Yeye hajala kitu chochote duniani. Hata punje. Amenyonya tu. Basi ule mkunjo umetoka wapi? Umetoka kwangu. Na mimi nakula nini? Ule mchele wa Baba uliokuja ndani ya blanketi, na mwingine aliotuma, na uduvi wa bahari hii hapa, na mnavu wa nyuma ya nyumba ya Soazara. Nimeyala, sikufanya kitu zaidi, nimekaa tu, nikalala, nikaoga, na ndani yangu mahali nisipopajua mtu fulani ameyachukua akayageuza paja la mtoto. Sijui hata hatua ya kwanza. Ningeambiwa niifanye kazi hiyo mwenyewe ningeanzia wapi? Mwambie Baba kwamba shamba lake la bondeni limeota nyama, na limenikojolea leo asubuhi.

Ile barua yangu, Mama. Hujaniuliza, nami sikukuambia ulipokuwa hapa, tulikuwa tunamhesabia pumzi. Sikuiandika ili ikulete. Sikujua kama itakuleta. Niliiandika kwa sababu niliona muda hautoshi, nikataka asikie. Sasa amebaki, na maneno nimeshayasema, na wewe unajua watu wetu watasema nini. Wakati mwingine Soazara akimsifu namfunika mtoto uso. Nilikosea kuyasema?

Vololona


Ambohimena, 17 Aprili 1978

Mwanangu Vololona,

Baba yako amekwenda bondeni kuliangalia shamba. Alitoka na fimbo yake baada ya kusikia barua, nikadhani anakwenda kupalilia, nikamchungulia kutoka ukingoni. Amesimama tu. Amevua kofia.

Umeniuliza swali, nalo limenikosesha kazi siku mbili. Rasendra naye nimemuuliza, akasema wasioonekana labda wana akili kuliko tunavyodhani, labda wanajua kutofautisha mama anayejivuna na mama anayeaga. Mimi sijui. Mimi nilikwenda na sufu nikarudi sina ninalolijua. Bado sitamsifu mwanao, mdomo wangu hauendi, ni mzee. Mkija Juni mtanisikia nikimtukana mbele ya kanisa zima, na mlete yale mablanketi, huku baridi ni ya kweli.

Lakini wewe umekua. Umezaa, una mume, una mtu wa kukutegemea. Hakuna tena anayekuja kumchukua mtu wa namna yako kwa kumtamani shavu. Nimefikiri nikaona njia iko wazi, kwa hiyo nasema, na nimefunga mlango kwanza.

Ulizaliwa msimu wa kupandikiza mpunga, kila mtu yuko shambani. Walinipa mpaka mwezi wa pili ulipoandama, kisha wakanitaka nirudi kwenye kazi. Sikuweza. Nilikuwa nakulaza kwenye mkeka penye mwanga, nikisema nitakutazama kidogo tu ndipo nitoke, na jua linahama kutoka ukuta huu mpaka ule. Mama mkwe alirudi akakuta sijapika, sijafagia, wewe umelala na mimi nimekaa. Akaniuliza mchana kutwa nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia tumbo linaniuma. Niliumwa tumbo msimu mzima, Vololona. Waliniletea mpaka mganga.

Mama yako,
Razafinoro